Muvi yako ya kutisha mpaka kwenye ukumbi wa sinema: maswali mnayoniuliza kila siku

Wakuu, nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa karibu kila wiki na watu wanaotengeneza muvi za kutisha kwa hela zao za mfukoni, hakuna kampuni kubwa nyuma yao, alafu wanataka ionyeshwe sinema kabisa, skrini kubwa, taa zimezimwa. Mi nimekaa miaka kadhaa kwenye chumba cha projekta hapa Dar, baadae nikawa napanga ratiba za maonyesho, kwaiyo mengine humu nimeyaona kwa macho yangu na mengine ni historia ya wenzetu waliotangulia, hasa Marekani maana huko ndo biashara ya muvi ndogo za kutisha ilikoota mizizi. Ruka mpaka kwenye swali lako, sio lazima usome yote.

Kwa nini nihangaike na sinema wakati naweza kuiweka YouTube kesho asubuhi?

Kwa sababu muvi ya kutisha ni ya kuangalia na watu. Ukiwa peke yako na simu, katikati ya sini inaingia meseji ya muamala, umeshatoka, woga wote umekwisha. Ukumbini dada mmoja wa siti za nyuma akipiga yowe watu mia wanaruka, alafu wanacheka kwa aibu, alafu wananyamaza tena kimya kile cha kusubiri kitu kibaya, na kimya hicho hukipati kwingine popote. Nimekisikia mara nyingi nikiwa juu kwenye kidirisha cha projekta na mpaka leo nywele zinanisimama.

Afu kuna jina na hela. Mwaka 1999 The Blair Witch Project, iliyopigwa kwa makumi machache tu ya maelfu ya dola, ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwezi wa kwanza, kampuni ya usambazaji ya Artisan wakainunua kwa dola milioni 1.1, na mwezi wa saba wakaianza kwenye kumbi 27 tu. Sio elfu mbili, ni 27. Watu wakakosa tiketi, wakaongea, ikapelekwa kumbi zaidi ya elfu moja na mwisho dunia nzima ikaingiza kama dola milioni 248. Paranormal Activity ya Oren Peli yeye alipiga ndani ya nyumba yake mwenyewe San Diego kwa kama dola 15,000, ikakaa kabatini muda, mpaka Septemba 2009 Paramount wakaipeleka miji 13 yenye vyuo, maonyesho ya saa sita usiku, na kwenye mtandao wakaweka kitufe cha watu kuomba muvi ifike mjini kwao. Maombi yalipofika milioni moja wakaifungua nchi nzima, ikaishia kwenye dola milioni 190 na ushee.

Najua utasema hao ni Wamarekani na wana kumbi maelfu, ni kweli, sisi hatuna. Lakini angalia walivyoanza: kumbi chache, usiku, zimejaa. Hiyo hata wewe unaiweza.

Muvi imeisha, naanzia wapi?

Usianze kwa kupiga simu ukumbini. Anza na makaratasi. Mkataba wa aliyeandika hadithi, wa kila mwigizaji, wa mwenye nyumba mliyopigia, wa aliyetengeneza muziki. Mtu akikuuliza haya yote unayo kwa maandishi unatakiwa utoe faili siku hiyohiyo. Nimeona muvi nzuri sana imekwama mwaka mzima sababu biti ya muziki ya sini ya mwisho ilichukuliwa tu mtandaoni na hakuna anayejua mwenyewe ni nani, na dairekta hataki kuibadilisha kwa vile ameshaizoea masikioni. Badilisha. Kama umetumia wimbo wa mtu nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wakuelekeze, Kenya ni KECOBO, na usikubali ile ya "we tumia tu kaka hamna shida", siku muvi ikipata hela shida inakuwepo.

Msambazaji na mwenye ukumbi wanatofautianaje?

Msambazaji anachukua haki ya kuiuza muvi yako, anaipeleka kwenye kumbi, anaitangaza (au anasema ataitangaza), anakusanya hela. Mwenye ukumbi ana viti, projekta na bisi. Bisi na soda ndo zinamweka mjini, sio tiketi, kwaiyo ukienda kuongea nae usimwambie muvi yako ina ujumbe mzito kwa jamii, mwambie utamletea watu wangapi siku ya Ijumaa na utawaletaje.

Mgao wa tiketi unaendaje?

Mara nyingi ni nusu kwa nusu baada ya kodi, wakati mwingine mwenye muvi anapata chini ya hapo, inategemea na nguvu yako mezani. Tupige hesabu ya mfano. Ukumbi una viti 120, tiketi shilingi 10,000, wamekuja watu 80. Hapo ni 800,000. VAT ya asilimia 18 imo ndani ya bei, ukiitoa inabaki kama 678,000. Nusu yako ni 339,000. Kama una msambazaji anayekula asilimia 30 ya hiyo nusu yako inabaki kama 237,000, na hapo hujatoa hela ya kuchapa posta za matangazo wala bando za kutangaza.

Ndo maana nasema usitegemee onyesho moja likurudishie hela ya muvi. Linakupa ushahidi. Ukienda kwa mnunuzi wa televisheni au wa mtandao na karatasi ya mauzo inayoonyesha maonyesho manne yamejaa, unaongea nae ukiwa umenyooka.

Nikodi ukumbi mwenyewe au tugawane?

Kukodi maana yake unalipa bei moja, tuseme 500,000, na tiketi zote zako. Kwa hesabu ileile ya juu, wakija 40 tu umeingiza 339,000 kwaiyo umekula hasara ya 161,000, wakati kwenye kugawana ungeondoka na kama 170,000. Wakija 80 unabaki na 178,000, bado kugawana kungekulipa zaidi. Wakijaa wote 120 unapata kama 517,000 na kwenye kugawana ungepata 508,000, karibu sawa. Yaani kwa bei hiyo unakodi pale tu ambapo una uhakika wa kujaza pomoni, au pale mwenye ukumbi amekataa kabisa kugawana na we unautaka huo usiku. Ukiona bei ya kukodi iko chini hesabu inageuka, kaa chini uipige kabla hujasaini, usipige kwa hamasa.

Kitu kimoja kizuri cha kukodi ni kwamba tarehe ni yako. Kwenye kugawana, muvi kubwa ya mashujaa ikija wiki hiyo we unasukumwa mpaka saa saba mchana Jumanne.

DCP ni nini, siwezi kwenda na flash tu?

Kumbi ndogo za utamaduni na maonyesho ya wazi wanaweza kukubali faili la kawaida, ila sinema zenyewe za kibiashara zinataka DCP, ambalo ni folda lenye picha, sauti na maelezo yaliyopangwa kwa namna ambayo seva (kompyuta inayolisha projekta) ya sinema yoyote duniani inasoma. Habari njema ni kwamba unaweza kulitengeneza mwenyewe bure kwa programu inaitwa DCP-o-matic, inahitaji tu kompyuta yenye nguvu na uvumilivu. Mambo ya kuzingatia: piga au badilisha muvi iwe fremu 24 kwa sekunde, chagua umbo moja kati ya mawili, lile la kawaida la 1998 kwa 1080 au lile jembamba refu la 2048 kwa 858, usiache mistari myeusi pande zote nne sababu ulikosea kuchagua. Muvi ya dakika 90 inaweza kula GB 100 na zaidi, kwaiyo nunua diski ya nje nzuri, na waulize wanataka iwe imeformatiwa vipi, seva nyingi zinapenda ile ya Linux, ext2 au ext3.

Ipeleke siku mbili kabla. Kunakili kwenye seva yao kunachukua muda na mtu wa projekta ana muvi nyingine saba za kuhudumia. Alafu omba uiangalie yote, mwanzo mpaka mwisho, asubuhi kabla hawajafungua. Sio dakika tano za mwanzo. Yote.

Nimeambiwa kuna ufunguo unaitwa KDM, ni lazima?

Sio lazima. DCP ikiwa imefungwa kwa siri ndo inahitaji KDM, ni kifaili kidogo kinachoiambia seva fulani ya ukumbi fulani kwamba unaruhusiwa kufungua muvi hii kuanzia saa fulani mpaka saa fulani. Nje ya muda huo hata useme nini haifunguki.

Nina kisa hapa na bado kinaniuma. Tulileta muvi ndogo ya kutisha kutoka nje, imetengenezwa na watu watano tu, onyesho moja, saa 3 usiku siku ya Ijumaa. Mwenzangu aliwaandikia waliokuwa wanatoa ufunguo akataja saa 3 usiku, ikatafsiriwa hivohivo, na wao kwa saa zao wakaelewa saa tisa za alfajiri ya kuamkia Jumamosi. Ufunguo ukawekwa uanze hapo. Saa 3 usiku watu 80 na kitu wamekaa, tangazo limepita, taa zimezimika, seva ikakataa. Tukapiga simu, kule ofisi imefungwa, tukaandika barua pepe, kimya. Baada ya dakika 50 tukarudisha hela za watu mmojammoja pale mlangoni, na yule bwana aliyekuwa amewaleta rafiki zake 11 kwenye bethidei yake aliniangalia tu hakusema kitu. Toka siku hiyo kila saa naiandika 21:00, naongeza na ukanda wa saa, na naomba ufunguo uanze siku moja kabla na uishe siku mbili baada. Fanyeni hivo tafadhali.

Kwa muvi yako mwenyewe unayoonyesha usiku mmoja na we upo palepale, ushauri wangu ni usiifunge, simama na diski yako, wakimaliza hakikisha imefutwa kwenye seva. Ikishaanza kwenda kumbi nyingi usizozijua hapo funga.

Kwenye laptop ilikuwa inatisha, sinema ikawa giza tupu na maneno hayasikiki. Nini kilitokea?

Hili swali ndo napenda kulijibu kuliko yote maana linaua muvi nyingi za kutisha kuliko ukosefu wa hela.

Skrini ya laptop inatoa mwanga wake yenyewe na inakupiga machoni. Kitambaa cha sinema kinarudisha mwanga wa projekta tu, afu pale mlangoni kuna ile taa ya kijani ya kutokea ambayo kisheria haizimwi, nayo inamwagika kwenye skrini. Weusi wa sinema sio weusi wa laptop. Sini yako ya msituni usiku ambayo kwenye laptop tunamwona yule mtu nyuma ya mbuyu, kule hatumwoni, tunaona giza na watu wanaanza kuwasha simu. Kwaiyo unaporekebisha rangi kaa kwenye chumba chenye giza, punguza mwanga wa skrini, na sini za giza ziache na kitu kimoja chenye mwanga, mdomo wa mlango, koroboi, jasho kwenye paji la uso. Woga unatoka kwenye kile tunachokiona nusu, tusipoona kabisa tunachoka tu.

Sauti sasa. Kumbi zimepangwa kwa kipimo ambacho kitasa cha sauti kikiwa kwenye 7 ndo sauti sahihi. Uhalisia ni kwamba watu wakilalamika makelele meneja anashusha mpaka 5 au 4 na nusu na haipandishwi tena mwezi mzima. We umetengeneza muvi yenye minong'ono afu kishindo, kwenye 5 minong'ono yote imepotea. Nenda siku ya majaribio, ongea na mtu wa projekta kwa heshima, mwambie bro hii muvi naomba iende kwenye 6 au 7, andika kwenye karatasi bandika pale juu. Na kama muvi yako ina sauti ya kushoto na kulia tu, tafuta fundi akutengenezee 5.1, yaani sauti iliyogawanywa kwa spika za mbele, za pembeni na ya mvumo wa chini, na maneno yote yatokee spika ya katikati, la sivyo aliyekaa pembeni anasikia nusu ya mazungumzo. Mvumo wa chini ule unaotetemesha kifua ndo silaha yako, ila tumia mara mbili tatu tu, ukiuwasha muvi nzima mwili wa mtazamaji unazoea.

Bodi itaipitisha kweli?

Tanzania muvi lazima ipite Bodi ya Filamu ipewe daraja la umri wa watazamaji kabla ya kuonyeshwa, sheria yenyewe ya filamu na michezo ya kuigiza ni ya mwaka 1976, namba 4, na hata kabla ya kupiga unatakiwa uwe na kibali. Kenya ni KFCB, bodi yao ya filamu, nao wana madaraja yao, GE ya watu wote, PG ya mtoto akiwa na mzazi, 16 na 18. Muvi ya kutisha kupewa 18 sio msiba, msiishangae, andika kubwa kwenye posta, kuna watu watakuja kwa sababu hiyo hiyo. Ufaransa Terrifier 3 ilipigwa marufuku kwa walio chini ya miaka 18 mwaka 2024 na bado watu wakaenda. Marekani wao daraja ni hiari, Terrifier 3 iliingia bila daraja kabisa, imetengenezwa kwa dola milioni 2, wikiendi ya kwanza ikaingiza milioni 18.9 na kushika namba moja nchi nzima, ila huku kwetu hiyo njia haipo, usijaribu kuonyesha bila cheti ukadhani utaeleweka.

Bodi ikikataa unaweza kukata rufaa, na mahakama zipo. Kenya mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu, sio ya kutisha hiyo, ilipigwa marufuku na KFCB, Mahakama Kuu ikaifungulia siku saba kwa watu wazima na Nairobi ikajaza maonyesho. Lakini hiyo njia inataka wakili, hela na moyo.

Naweza kutumia mambo ya uchawi na majini?

Unaweza na ndo utajiri wetu. Miaka ya mwanzo ya Bongo muvi Mussa Banzi alituletea Nsyuka na Shumileta na watu wa rika langu tuliogopa kwenda chooni usiku, na sisi hatuhitaji vampaya wa Ulaya. Tuna mizimu, tuna vibwengo, tuna makaburi ya Kilwa, tuna bahari usiku.

Ila naomba kitu kimoja na hapa naongea kutoka moyoni. Usimfanye bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa mchawi wako. Kanda ya Ziwa mabibi wameuawa kweli kwa sababu hiyo, na macho yale ni moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Na usiwatumie watu wenye ualbino kama kitisho au kama viungo vya mganga bila kufikiri nani atakuwa amekaa kwenye ule ukumbi. Kuna mama atakuja na mwanae. Hii sio suala la bodi, hata bodi ikipitisha mimi muvi ya hivo siipangii usiku.

Nitangaze vipi bila hela?

Blair Witch walitengeneza tovuti na mabango ya watu waliopotea kana kwamba ni kweli. Mwaka 1999 intaneti ilikuwa changa, watu waliamini. Huku kwetu usifanye hivo na nitakwambia kwa nini: mwaka 1995 uvumi wa Popobawa, lile pepo la usiku, ulianza Pemba ukaenda Unguja mpaka Dar, watu wakawa wanalala nje kwa makundi wakiwasha moto, na kuna watu walipigwa kwa kushukiwa. Uvumi wetu unaingia mtaani na fimbo. Tengeneza fumbo ambalo kila mtu anajua ni muvi.

Kinachofanya kazi ni kuonyesha sura za watazamaji. Omba ruhusa, weka kamera ndogo mbele ya ukumbi siku ya onyesho la kwanza, rekodi watu wakiruka, kata sekunde 20, tupia TikTok na kwenye stetasi za WhatsApp. Paranormal Activity trela yao ilikuwa hivohivo, ukumbi wa giza watu wanajificha usoni. Posta iwe na picha moja tu inayosomeka kwenye kioo cha simu, tarehe, saa, mahali, bei. Nimeona posta nzuri sana isiyo na saa.

Siku gani nzuri?

Wamarekani wana Oktoba yao, mwezi mzima ni wa kutishana. Sisi Halloween ni watu wachache wa Masaki na Westlands. Angalia mshahara: Ijumaa ya mwisho wa mwezi au Jumamosi ya kwanza. Pwani yote, Dar, Zanzibar, Mombasa, usiweke ndani ya Ramadhani, subiri baada ya Idi. Masika mwezi wa nne mvua inakula nusu ya watu. Siku ya Simba na Yanga kaa nyumbani. Na ile saa sita usiku ya wenzetu huku ni ngumu, daladala zimeisha, dada zetu watarudije, kwaiyo saa 2 usiku, muvi isizidi dakika 95, saa 4 watu wako kituoni.

Nipeleke tamasha kwanza?

Ndio, ila chagua. Ya kutisha yenyewe kuna Sitges kule Catalonia toka 1968, Fantasia ya Montreal toka 1996, FrightFest ya London toka 2000, Fantastic Fest ya Austin toka 2005. Hapa nyumbani ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, toka 1998, onyesho la wazi ndani ya Ngome Kongwe usiku popo wanapita juu ya skrini, kwa muvi ya kutisha sijui utataka nini tena. Matamasha mengi makubwa yanataka yawe ya kwanza kuonyesha, kwaiyo ukishaiweka mtandaoni umejifungia mlango mwenyewe. Ada za kuomba zinakula hela, chagua matano sio hamsini.

Msambazaji ameleta mkataba, nisaini?

Usisaini leo. Angalia haya. Muda, akiandika miaka 15 au 25 muulize atafanya nini mwaka wa 12, omba mitano au saba. Eneo, kama yeye yuko Nairobi anataka dunia nzima ya nini? Gharama, kila mkataba unasema atakata gharama zake kwanza, basi ziwe na kikomo kwa namba, la sivyo kila shilingi itaitwa gharama. Malipo ya awali, hata kidogo, maana asiyetoa kitu hana haraka. Haki ya kukagua vitabu vyake vya hesabu. Na kifungu kinachosema asipoionyesha ndani ya miezi 12 haki zinarudi kwako bila barua ya wakili. Sinema, televisheni, mtandao, ndani ya ndege za abiria, kila kimoja kinaweza kuuzwa peke yake, usimpe mtu mmoja vyote kwa vile tu alikuwa wa kwanza kukupigia.

Night of the Living Dead ya George Romero, 1968, Pittsburgh, waliitengeneza kwa kama dola 114,000. Ilikuwa na jina jingine, msambazaji akabadilisha jina kwenye muvi yenyewe na katika kubadilisha ile alama ya hakimiliki ikatoka, haikurudishwa. Sheria ya Marekani ya wakati ule bila alama hiyo muvi inakuwa mali ya kila mtu. Kila mtu aliinakili, aliiuza, aliionyesha, na waliotoa jasho hawakuwa na cha kudai. Ukipokea kopi ya mwisho kutoka kwa msambazaji iangalie fremu kwa fremu, jina lako na mwaka vipo?

Vibanda umiza je? Si ndo watazamaji wako huko?

Wako huko kweli na nawaheshimu, mi mwenyewe nilianzia kwenye benchi la kibanda umiza. Ila kibandani ukiacha flash leo keshokutwa iko Telegram. Mpangilio wangu ni sinema kwanza, alafu ziara ya vibanda we mwenyewe ukiwa na laptop yako na spika ya kukodi, unakaa, unaondoka nayo.

Na ikivuja? Isikukatishe tamaa sana. Skinamarink ya Kyle Edward Ball, aliyopiga kwenye nyumba aliyokulia kule Edmonton kwa dola 15,000, ilivuja mwaka 2022 kupitia mfumo wa mtandaoni wa tamasha moja, vipande vikazagaa TikTok, na Januari 2023 ilipoingia kumbi zaidi ya 600 ikaingiza kama dola milioni 2. Waliovutiwa na vile vipande walitaka giza la ukumbi. Sio kila muvi itabahatika hivo, ulinzi bado ni ulinzi.

Naweza kuonyesha muvi ya kutisha ya mtu wa nje kwenye baa au chuoni?

Ukiwa na ruhusa ya maandishi ya mwenye haki. Diski uliyonunua au akaunti yako ya kulipia ni ya nyumbani kwako. Waandike tu barua pepe, muvi ndogo wenyewe wanajibu kwa furaha, nishawahi kupewa onyesho bure kwa sharti la kupiga picha ya ukumbi.

Niko Minnesota, naweza kuonyesha muvi yetu kwa Waswahili wa huku?

Kodi ukumbi mdogo Jumapili mchana, daraja sio lazima huko lakini ukumbi una masharti yake kuhusu watoto, uliza. Weka maandishi ya Kiingereza chini, wajukuu hawasikii Kiswahili chote.

Niwepo ukumbini?

Ndio. Kila onyesho. Simama mlangoni, salimia watu wanaoingia.

Siku ya kwanza ilijaa, Alhamisi wakaitoa. Nimekosea nini?

Pengine hujakosea popote kwenye muvi. Ukumbi unaamua Jumatatu asubuhi nani anabaki wiki ijayo, na wanaangalia namba za Jumamosi na Jumapili, sio za Ijumaa ambayo ulijaza ndugu na wafanyakazi wa muvi. Kwaiyo usiwalete watu wako wote siku moja. Shangazi, mjomba, darasa la chuo, kikundi cha kanisani kisichoogopa, wagawe: 40 Ijumaa, 40 Jumamosi, 40 Jumapili. Jumapili usiku omba ripoti ya mauzo, Jumatatu saa 3 asubuhi, yaani 09:00, uwe umeshampigia anayepanga ratiba kabla hajafungua kalenda yake.